Upole usiwe kikwazo cha ajira
KATIKA mahojiano ya kazi za ofisini, mwombaji mchangamfu mara nyingi humpiku mpole aliye na ujuzi zaidi. Anayenyimwa kazi kwa sababu hiyo hana kinga: kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi wa jinsia, dini, kabila na ulemavu, miongoni mwa mengine, ila hakitaji hulka.

Mwaka 1998, watafiti Frank Schmidt na John Hunter wa Marekani walionyesha kuwa mahojiano yenye maswali yaliyopangwa hubashiri utendakazi vyema kuliko mazungumzo huru. Hivyo basi, waajiri wawaulize waombaji wote maswali yaleyale na kila jibu lipewe alama. Mhasibu huajiriwa kutunza hesabu, si kuchangamsha baraza.