Gazi: Kijiji kinachotunza mikoko

Mikoko ni miti inayoota mahali ambapo bahari na nchi kavu hukutana. Maji yakijaa, mizizi yake hufunikwa na maji ya chumvi. Yakipwa, mizizi hubaki wazi juu ya tope. Katika nchi yetu iko upande wa Muanda, kwenye mdomo wa mto Kongo, na wengi wetu wa mashariki hatujaiona. Lakini shida ya wanaoishi kando yake tunaijua vizuri: kuni za kupikia, miti ya kujengea, na samaki wanaopungua.

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, Kenya, kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1970 mikoko ya hapo ilikatwa sana ili iwe kuni za viwanda. Watu nao walikata nguzo za nyumba zao. Mahali pengine palibaki tope tupu.

Hasara haikuwa ya miti tu. Kati ya mizizi ya mikoko ndipo samaki wadogo, kamba na kaa hujificha mpaka wakue. Mikoko pia hupunguza nguvu ya mawimbi yanayokula ufuo. Kwa hiyo anayekata mkoko anagusa pia chakula cha jirani yake mvuvi.

Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa bahari na wanakijiji walianza kupanda upya. Kisha mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117. Mikoko huvuta hewa ya ukaa inayoongeza joto duniani na kuihifadhi katika miti na ndani ya tope. Kazi hiyo hupimwa, na watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao hulipia. Sehemu ya fedha hulipia ulinzi na upandaji. Nyingine huingia katika mfuko wa vijiji. Wananchi wenyewe huamua itumike wapi, na maji safi na shule zimefaidika.

Jambo moja tusilisahau. Walipanda pia mivinje kwenye nchi kavu, ili watu wapate kuni na nguzo bila kurudi kwenye mikoko. Maana mama asiye na kuni leo jioni hawezi kungoja hesabu za mwaka ujao.

Mwaka 2017 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vilifuata njia hiyo. Fedha hizo hazitajirishi kila nyumba, na ulinzi hauishi. Lakini mtu anayeona bomba la maji kijijini anajua kwa nini mti haukatwi.

Kwetu, kando ya Kivu, Edward na Tanganyika, tunawakataza vijana kuvua kwa vyandarua vinavyozoa hata samaki wachanga, na kukata miti kwa ajili ya makala. Katazo ni jema. Ila Gazi inatuuliza: tukimwambia ndugu yetu aache, tumemwekea nini mkononi, na je, amekaa pamoja nasi tulipoamua?