Nyumba ya Kuishi Sasa na Kupangisha Baadaye: Kuchagua Eneo Pembezoni mwa Dar es Salaam

Nyumba inayonunuliwa ili mwenyewe aishi kwanza na kuipangisha baadaye ina watu wawili wa kuridhisha: mnunuzi wa leo na mpangaji wa miaka ijayo ambaye bado hajulikani. Mnunuzi huvutiwa na ukubwa wa kiwanja, utulivu na nafasi ya bustani. Mpangaji huuliza kituo cha daladala kiko wapi, maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na kodi itamwachia nini kwenye mshahara. Pembezoni mwa Dar es Salaam mahitaji hayo hugongana mara nyingi, kwa sababu viwanja vikubwa vya bei nafuu viko mbali na lami, na wapangaji wako karibu nayo. Anayekusudia kupangisha hana budi kumtanguliza mpangaji anapochagua eneo. Vigae, rangi na jiko vinaweza kubadilishwa wakati wowote. Mahali nyumba ilipo hapabadilishwi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo kwa sehemu kubwa limekwenda pembezoni, likifuata barabara kuu nne: Bagamoyo kuelekea Tegeta, Boko na Bunju, Morogoro kuelekea Kimara, Mbezi na Kibamba, Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, Pugu na Chanika, na Kilwa kuelekea Mbagala na Kongowe. Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari, ina habari zake. Katikati ya barabara hizo kuna maeneo kama Goba, Madale, Kinyerezi na Kivule, ambayo thamani yake hupanda au kudorora kutegemea kama barabara za kuyaunganisha zimewekwa lami.

Usafiri ndio unaopanga kodi. Mabasi yaendayo haraka yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, kwenye njia kuu yenye urefu wa takriban kilomita 21, na tangu hapo Kimara ikawa mahali ambapo mfanyakazi wa Posta au Kariakoo anaweza kupanga bila kulipa kodi ya Sinza. Awamu zilizofuata zilipangwa kwenda Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani nayo ilihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, ikaleta wafanyakazi, wafanyabiashara na wasafiri katika eneo lililokuwa la makazi tu. Mnunuzi makini hutofautisha mradi ambao mkandarasi yuko kazini na mradi unaotajwa na dalali. Wa kwanza una bajeti na tarehe. Wa pili huongeza bei ya kuuzia tu.

Hatari ya kununua ahadi ilionekana wazi Kigamboni. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya, na kwa miaka kadhaa wenye nyumba katika eneo lililoguswa hawakuruhusiwa kujenga wala kuendeleza, huku fidia ikisubiriwa. Mpango ule haukutekelezwa kama ulivyotangazwa. Daraja la Nyerere, kwa upande mwingine, lilijengwa kweli na kufunguliwa Aprili 2016, na ndilo lililobadilisha hali ya Kigamboni, ingawa tozo ya kuvuka ni gharama ambayo mpangaji mwenye gari huihesabu kila mwezi. Asiye na gari bado hutegemea kivuko au daladala za kuzunguka darajani.

Njia rahisi ya kupima eneo ni kuhesabu safari ya mpangaji kwa shilingi na dakika. Tuseme nyumba iko mbali na lami na bodaboda hadi kituoni ni shilingi 1,000. Kwenda na kurudi kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000 kwa mwezi, kabla hata ya nauli ya daladala. Mpangaji hutoa kiasi hicho kwenye kodi aliyo tayari kulipa, na kama wao ni wawili, mke na mume wote waajiriwa, hutoa mara mbili. Ndiyo maana nyumba mbili zinazofanana kabisa, moja mita 300 kutoka kituoni na nyingine kilomita mbili ndani, huwa na kodi zinazotofautiana sana. Safari hiyo ifanywe mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumatatu, na tena siku ya mvua. Jumapili mchana kila eneo la Dar es Salaam liko karibu na mjini.

Wapangaji hawatafuti ukaribu na mjini peke yake. Chuo, hospitali, kiwanda au kambi ni chanzo cha wapangaji kisichoyumba. Hospitali ya Mloganzila imeleta wahudumu wa afya na wanafunzi upande wa Kibamba. Changanyikeni na Msewe hutegemea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere huleta wanafunzi Kigamboni, na uwanja wa ndege huwapa wapangaji watu wa Kipawa, Ukonga na Gongo la Mboto. Mnunuzi atazame waajiri wangapi wanafikika kwa daladala moja kutoka kwenye nyumba. Eneo linalotegemea mwajiri mmoja tu hupoa pale mwajiri huyo anapopunguza watu.

Sehemu inayowagharimu watu zaidi ya nyingine zote ni karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu humiliki haki ya kuitumia kwa muda. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Katika makazi yasiyopangwa kuna leseni ya makazi, ambayo muda wake hauzidi miaka 5 na huhuishwa. Chini ya hizo kuna barua ya mauziano iliyoshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo ndiyo karatasi pekee waliyo nayo wamiliki wengi wa pembezoni. Barua hiyo ni ushahidi wa kuuziana. Haimfanyi muuzaji kuwa mmiliki kama hakuwa mmiliki, na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi.

Kwa mtu anayepanga kupangisha, tofauti ya karatasi ni tofauti ya fedha. Hati inaweza kuwekwa rehani benki ili kuongeza vyumba, na huuzika kwa haraka mambo yakibadilika. Kwa sababu hiyo, nyumba ndogo yenye hati kwa kawaida ni bora kuliko nyumba kubwa katika makazi yasiyopangwa kwa bei ileile. Maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, yakiwemo Kibada, Tuangoma, Buyuni, Mbweni na Bunju, yana faida hiyo, pamoja na njia pana na nafasi za huduma zilizotengwa kwenye ramani. Baadhi yake yalikaa miaka mingi yakiwa na vichaka na nyumba chache, jambo linaloonyesha kwamba upimaji peke yake hauleti wapangaji.

Uchunguzi wa hati huanza kwa muuzaji kutoa nakala, kisha mnunuzi au wakili wake kuomba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Majibu huonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani, na kama mtu ameweka zuio. Ramani ya upimaji ilinganishwe na bikoni zilizopo kiwanjani, na kodi ya pango la ardhi ithibitishwe kuwa imelipwa. Halafu kuna suala la familia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi na mwenyewe awepo. Kwa nyumba ya urithi, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani ndiyo inayotoa mamlaka ya kuuza. Mjomba au kaka mkubwa hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake tu. Kesi nyingi za ardhi katika jiji hili zimezaliwa hapo.

Anayevuka mpaka wa mkoa kutafuta bei ya chini, kwenda Vikindu, Kisarawe au Kibaha, anaweza kujikuta kwenye ardhi ya kijiji. Huko inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na uhamisho unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Makubaliano ya watu wawili chini ya mwembe, hata yakiwa na mashahidi kumi, hayatoshi.

Karatasi safi haiondoi hatari ya hifadhi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, ambayo ni pana kuliko mita 30 kila upande wanazozizoea watu kwenye barabara kuu nyingine. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Nyumba iliyo karibu na barabara kuu, reli, njia ya umeme mkubwa au bomba ipimwe umbali wake na taasisi yenye hifadhi, na majibu yachukuliwe kwa maandishi.

Mabonde ni suala linalohitaji macho. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wa bonde la Msimbazi, na wengine wakahamishiwa Mabwepande mwaka uliofuata. Mito mingine, kama Mbezi, Tegeta, Kizinga na Mzinga, hula kingo zake kila masika, na nyumba iliyokuwa mbali na mto miaka kumi iliyopita inaweza kuwa ukingoni leo. Alama ya maji kwenye kuta za majirani, mifuko ya mchanga getini na msingi ulioinuliwa kupita kiasi husema yote. Kwenye vilima vya Goba na Kimara tatizo hugeuka: maji ya mvua huchimba barabara ya udongo mpaka gari lisipite, na mpangaji mwenye gari huhama baada ya msimu mmoja.

Kuhusu maji ya bomba, inafaa kujua yanatoka wapi. Mtambo wa Ruvu Juu huhudumia upande wa Kibaha, Mbezi na Kimara. Ruvu Chini huhudumia upande wa Bunju na Tegeta. Kigamboni ina visima virefu. Mto Ruvu ulipopungua mwishoni mwa 2022, sehemu kubwa ya jiji iliingia kwenye mgao. Mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, peke yake haimaanishi maji yapo, kwa hiyo majirani waulizwe siku za kutoka. Kisima cha jirani na ufukwe kionjwe, kwani maji yake mara nyingi ni ya chumvi. Tangi kubwa na mnara wake ni kitu ambacho mpangaji hulipia bila kubishana.

Baada ya hayo ndipo hesabu ya kodi inapofanywa. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu imenunuliwa kwa shilingi milioni 70 na inaweza kupangishwa kwa 350,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 4.2, sawa na asilimia 6 ya bei. Ondoa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu, zinabaki 3,850,000. Ondoa asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango, zinabaki 3,465,000. Tenga 500,000 za rangi, mabomba na bati, zinabaki chini kidogo ya milioni 3, yaani asilimia 4 na ushee. Kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021, ni ndogo kwa nyumba ya kawaida. Gharama za kununua, ukiwemo ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada ya wakili, bado hazijaingia.

Mapato hayo ni madogo kuliko riba ya mkopo wa nyumba, ambayo kwa kawaida imekuwa zaidi ya asilimia 13. Anayekopa benki akitegemea mpangaji alipe marejesho yote atajaza pengo kwa mshahara wake kila mwezi. Nyumba ya aina hii humfaa anayenunua kwa akiba au kwa mkopo mdogo, anayeokoa kodi katika miaka anayoishi humo, na anayetarajia thamani ya kiwanja kupanda.

Mpango wa nyumba unaweza kuinua mapato hayo. Katika Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara wapangaji wengi hutafuta chumba na sebule chenye choo cha ndani, si nyumba nzima. Vitengo vitatu vya 150,000 kila kimoja huleta 450,000 badala ya 350,000, na kimoja kikikaa tupu viwili bado vinalipa. Kwa hiyo kiwanja chenye nafasi ya kujenga banda la uani, choo kinachoweza kuongezewa shimo, na mlango wa pembeni kina thamani zaidi kwa mpangishaji kuliko sebule kubwa. Kila kitengo kiwe na mita yake ya LUKU tangu mwanzo, maana umeme wa kuchangia ndio ugomvi mkubwa wa wapangaji. Matumizi yaliyoandikwa kwenye hati yasomwe kabla ya kujenga fremu za biashara au hosteli, kwa sababu kubadili matumizi huhitaji kibali cha halmashauri.

Siku ya kuhama ikifika, mkataba uandikwe, ukitaja kodi, muda, notisi na nani anatengeneza nini. Desturi ya kudai miezi sita au mwaka mzima mkononi humpa mwenye nyumba fedha za mara moja, lakini hupunguza idadi ya wanaoweza kupanga, hasa vijana waajiriwa ambao ndio wapangaji wa maeneo haya. Anayekubali miezi mitatu hupata nafasi ya kuchagua mpangaji. Dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja, kwa kawaida na mpangaji, na hupenda wapangaji wahame mara kwa mara. Mwenye nyumba anayetafuta mpangaji wa kudumu hutangulia kuuliza kwenye ofisi, shule na hospitali zilizo karibu.