Pikapu Iliyotumika: Tazama Chini Kabla ya Kulipa

Pikapu hununuliwa ili ifanye kazi. Mkulima wa vitunguu huitaka ifikishe magunia sokoni kabla bei haijashuka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huitaka ibebe saruji na nondo. Kikundi cha wafugaji huitaka iwahi na maziwa asubuhi. Kwa wengi wao fedha ya kuinunua ni akiba ya miaka mingi, mifugo iliyouzwa, au mkopo ambao marejesho yake hayasubiri gari litoke gereji. Mwenye gari la kutembelea likiharibika hupanda daladala. Mwenye pikapu ikiharibika hupoteza gari na kipato kwa siku ile ile.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua pikapu iliyotumika itakayostahimili kazi. Ushauri wetu unasimama juu ya mambo matatu, nasi tunamwomba mnunuzi ayapime kwa utaratibu huu: kazi ambayo gari limekwisha kufanya, hali ya chasisi yake, na uhalali wa hati zake. Rangi, redio, viti na hata tarakimu za kilomita hufuata baadaye. Muuzaji mwerevu huanza na hayo ya mwisho kwa sababu ndiyo yanayong'aa.

Anza na mzigo wako

Kabla ya kwenda kwenye yadi, andika kwenye karatasi mambo manne: uzito wa mzigo utakaobeba mara kwa mara, hali ya barabara, idadi ya abiria, na umbali hadi kwa fundi mwenye ujuzi. Pikapu nyingi za aina tunazoziona nchini zimetengenezwa kubeba uzito unaokaribia tani moja, na uzito wa watu waliomo umo ndani ya hesabu hiyo. Yenye kabini mbili huchukua watu watano, lakini sehemu yake ya mizigo ni fupi. Anayebeba mabomba au mbao atafaidika zaidi na kabini moja, ingawa haina fahari mbele ya majirani.

Umbali hadi kwa fundi una uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Injini za dizeli za zamani zisizo na turbo, kama ile ya Toyota iitwayo 5L, hazina nguvu nyingi, lakini muundo wake ni rahisi na mafundi wengi wanazifahamu. Injini za baadaye, kama 2KD na 1KD za Hilux, zina nguvu zaidi na hutumia mafuta vizuri. Hata hivyo hurusha dizeli kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 shinikizo la hewa ya kawaida. Pampu na nozeli zake hulainishwa na dizeli yenyewe. Uchafu, maji au mafuta ya taa yakichanganywa humo huzikwaruza, na kuzibadilisha ni ghali. Aishiye mbali na kituo cha mafuta kinachoaminika, anayenunua dizeli kwenye madumu, azingatie jambo hili kabla hajavutiwa na kasi.

Jina zuri halizuii kutu

Hilux imetengenezwa tangu mwaka 1968 na imejijengea heshima barani Afrika. Heshima hiyo ni ya jina. Gari lililo mbele yako lina historia yake. Mfano mzuri unatoka Marekani. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali kumaliza shauri la wamiliki wa magari yake, pikapu aina ya Tacoma yakiwemo, waliolalamika kwamba chasisi zake zililiwa na kutu. Makubaliano yalihusu ukaguzi na kubadilishiwa chasisi zilizotoboka. Ikiwa jambo hilo liliwapata wamiliki wa jina linaloaminika kiasi hicho, mnunuzi wa gari lililotumika hana sababu ya kuliacha jina lifanye kazi ya ukaguzi.

Uliza pia gari limetoka wapi. Toyota haikuuza Hilux katika soko la Japani kuanzia mwaka 2004 hadi 2017. Kwa hiyo ukionyeshwa Hilux ya mwaka 2010 na kuambiwa kwamba mmiliki wake wa kwanza alikuwa Mjapani aliyeitumia nyumbani kwao, omba hati za kuagizia uone ilikotoka. Huenda ilitumika Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, nchi ambazo pia huendesha upande wa kushoto. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukaa katika mikunjo ya chuma. Hapa kwetu tahadhari hiyo hiyo yafaa kwa pikapu zilizobeba samaki katika miji ya pwani, kwa kuwa maji ya chumvi huchuruzika kutoka sehemu ya mizigo na kutua juu ya chasisi.

Lala chini utazame

Chasisi ni uti wa mgongo wa pikapu. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, lakini chasisi iliyooza au kupinda humaliza gari. Nenda mchana, vaa nguo isiyoogopa vumbi, chukua tochi na nyundo ndogo. Kagua hasa mahali chasisi inapopanda juu ya mhimili wa nyuma, masikio yanayoshikilia springi, na sehemu iliyo nyuma ya magurudumu ya mbele. Gonga polepole. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya kufa au huacha magamba mkononi. Kutu jepesi la juu si kosa katika gari la umri mkubwa. Tundu, magamba mazito na kipande kilichochomelewa ni kosa.

Rangi nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari kuukuu ikutie shaka. Muulize muuzaji sababu yake, na mwombe akuruhusu ukwangue sehemu ndogo. Kisha simama nyuma ya gari, hatua kumi hivi, utazame kama kabini na sehemu ya mizigo zimenyooka pamoja. Nafasi kati yake iwe sawa juu na chini. Ikiwa imepanuka upande mmoja, huenda gari lilipinduka, liligongwa, au lilibebeshwa kupita uwezo wake.

Hesabu vilevile majani ya springi za nyuma, ulinganishe na gari jingine la aina hiyo ambalo halijabadilishwa. Majani yaliyoongezwa husema kwamba mwenye gari alizoea kubeba kuliko ilivyokusudiwa. Matairi ya nyuma yaliyolika upande wa ndani huweza kuashiria mhimili uliopinda. Haya hayasomeki kwenye kadi ya gari. Yamo kwenye chuma chenyewe.

Kilomita: zipige hesabu

Mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma. Tumia hesabu ndogo. Pikapu ya miaka 12 inayoonyesha kilomita 60,000 imetembea wastani wa kilomita 5,000 kwa mwaka, yaani takriban kilomita 14 kwa siku. Je, gari la biashara huishi hivyo? Tazama pedali za breki na klachi, usukani, kitasa cha gia, ukingo wa kiti cha dereva na mkanda wake. Mpira wa pedali uliolika hadi chuma haupatani na tarakimu ndogo. Mpira mpya kabisa katika gari la zamani nao uulizwe.

Daftari la matengenezo lina thamani kuliko mita. Gari lililotembea kilomita 250,000 likibadilishiwa oili na filta kwa wakati huweza kuwa salama kuliko lenye kilomita 120,000 zisizo na ushahidi wowote. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa injini zenye mkanda. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, injini huweza kuharibika vibaya. Asiye na jibu lenye ushahidi, hesabu kwamba haukubadilishwa, nawe uiondoe gharama hiyo katika bei.

Injini iwashwe ikiwa baridi

Mweleze muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta injini haijawashwa, kisha uiguse ukifika. Injini yenye moto huficha uvivu wa kuwaka. Kabla ya kuiwasha, fungua rejeta ingali baridi. Maji yenye utando wa oili, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kwamba oili na maji vimekutana ndani. Gari la namna hiyo liache.

Likiwaka, tazama moshi. Mvuke mweupe unaotoweka baada ya dakika chache ni wa kawaida asubuhi. Mweupe usiokoma huweza kutokana na maji yanayoingia ndani au dizeli isiyoungua. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito wakati wa kukanyaga mafuta huelekeza kwenye nozeli, turbo au filta ya hewa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: moshi ukisukumwa nje kwa nguvu, ringi zimechoka.

Ijaribu ikiwa na mzigo

Pikapu tupu huendeshwa vizuri hata ikiwa mgonjwa. Tunakushauri uombe kuijaribu ikiwa na mzigo wa kawaida, walau mifuko kumi ya saruji, ambayo ni kilo 500. Ipande mlima. Injini ikipanda sauti bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Gia ikijitoa yenyewe, giaboksi imechoka. Mlio wa kuvuma unaobadilika kulingana na mwendo huweza kutoka kwenye difu. Shuka mlima huo huo ukiangalia breki na mshale wa joto.

Kama ina uwezo wa kuendesha magurudumu manne, ujaribu mfumo huo kwenye vumbi au matope. Usiutumie kwenye lami kavu: katika pikapu nyingi za aina hii mhimili wa mbele na wa nyuma hulazimishwa kuzunguka kwa kasi moja, na lami isiyoteleza huuumiza mfumo katika kona.

Mpeleke fundi wako mwenyewe, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana mwajiri mwingine.

Hati, madeni na jina la benki

Omba kadi halisi ya usajili, si nakala. Linganisha namba ya chasisi na ya injini kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye chuma. Namba iliyokwaruzwa, iliyochomelewa pembeni au yenye herufi zisizolingana inatosha kusitisha mazungumzo. Gari la wizi halimpi haki mnunuzi hata kama alilipa bei kamili kwa nia njema. Mwenyewe akijitokeza, mnunuzi hubaki akimtafuta muuzaji. Hakikisha jina lililo kwenye kadi ni la mtu aliye mbele yako, au kwamba ana idhini ya maandishi. Kama kadi ina jina la benki, au muuzaji anasema kadi "iko benki", usilipe hadi benki yenyewe ithibitishe kwa maandishi kwamba deni limekwisha.

Faini za barabarani na ushuru wa maegesho hufuata namba ya gari. Hakiki madeni hayo mbele ya muuzaji, yaondolewe kabla ya makabidhiano. Baada ya kununua, badilisha umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania bila kuchelewa.

Sheria inakulinda ukiitumia

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka kila muuzaji awe na haki ya kuuza kitu anachokiuza. Ikiwa anafanya biashara ya magari, nawe umemjulisha kazi unayotaka gari liifanye na umetegemea ujuzi wake, gari linapaswa kuifaa kazi hiyo. Ndiyo sababu tunasema mweleze kwa maandishi: "Nahitaji pikapu ya kubeba kilo 800 katika barabara ya vumbi." Sentensi hiyo moja huweza kuwa ushahidi wako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au historia ya bidhaa.

Ulinzi huu una mipaka. Kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona huwa vigumu kuidai baadaye. Na mtu binafsi anayeuza gari lake bila kufanya biashara hiyo habanwi na masharti yale ya ubora. Hapo mkataba ndio ngao. Uandike kilomita zilizosomwa, namba za chasisi na injini, kasoro zilizokiriwa, bei, tarehe na saini za mashahidi. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu. Bakisha pia fedha kwa ajili ya oili zote, filta, mkanda na matairi, kwa kuwa gari lililotumika halina budi kuanzishwa upya.

Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe chini, lisibebeshwe mzigo, au akisema mteja mwingine yuko njiani na fedha mkononi, mwache ampokee mteja huyo. Rahisi ghali: gari la bei nafuu linalokaa gereji miezi miwili limekwisha kukugharimu mavuno, na pikapu nyingine zipo yadini.