Kabla hujanunua pawa soo kubwa, kagua meno ya ile uliyonayo

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe nakubali. Lakini kwa msumeno wa injini, ile pawa soo yetu, asiyechagua anaweza kurudi nyumbani na mguu mmoja.

Mwaka jana mwezi wa Julai, khalati yangu wa Kilifi aliniita. Mwembe ulio nyuma ya nyumba, mkubwa kuliko ndoa yake, ulikuwa umeoza upande mmoja na kuinamia paa la jikoni. Shina lilikuwa na upana wa karibu futi tatu. Kijana tuliyemkodi alikuja na msumeno mdogo wa kupogolea matawi. "Usijali ami, hii yakata chochote," akaniambia. Hakufika nusu. Injini ililia, mnyororo ukatoa moshi, kisha msumeno ukabanwa ndani ya shina. Kusi inavuma, mti umekatwa nusu, na khalati na wajukuu wakalala kwa jirani siku mbili hadi tulipopata fundi mwingine.

Fundi huyo alinifundisha mambo ambayo nawagawia leo, maana najua wengi wenu mnafikiria kununua mashine yenye nguvu zaidi.

Kwanza, hakikisha kwamba tatizo ni injini kweli. Tazama kinachoruka unapokata. Meno makali hutoa chenga nene. Meno butu hutoa vumbi kama unga. Ukiona unga, usinunue msumeno, nunua tupa. Mnazi mzee huua makali upesi kwa sababu mti wake wa nje ni mgumu, na mchanga ulioganda kwenye gome nao ni adui. Lakini ikiwa chenga ni nene na bado injini yazidiwa, hapo umepungukiwa na nguvu.

Pili, jua nguvu unayoitaka. Ukubwa wa injini hupimwa kwa cc, kama bodaboda. Stihl MS 250 ina cc 45.4 na kilowati 2.3, inafaa kuni na miti ya wastani. Kwa mwembe au mkorosho mnene, panda hadi cc 70 hivi: Stihl MS 381 ina cc 72.2 na kilowati 3.9, na Husqvarna 372 XP ina cc 70.7 na kilowati 4.1. Zile za cc 90 na zaidi ni za wanaoishi kwa kazi ya magogo makubwa.

Tatu, usidanganywe na urefu. Wengine hufunga bapa refu la mnyororo kwenye injini ndogo wakidhani wameongeza nguvu. Kumbe kila inchi inayozama ndani ya mti ni meno zaidi ya kuvutwa na injini ileile. Kwa cc 45, inchi 16 hadi 18 zinatosha. Kwa cc 70, inchi 20 hadi 25. Bapa la inchi 20 linaweza kuangusha mti wa karibu inchi 36, fundi akikata kwa pande mbili.

Nne, pima uzito. Kuangusha mti ni kazi ya muda mfupi. Kuukata vipande ndiko kunakomaliza siku. MS 250 ina kilo 4.6, MS 381 ina kilo 6.6, kabla ya bapa, mnyororo na mafuta. Fundi wetu alitumia kubwa kwa shina na ndogo kwa matawi. Na kama una mti mmoja tu, kodi mashine pamoja na mwenyewe.

Nguvu ikizidi, hatari nayo yazidi. Ncha ya juu ya bapa ikigusa mti, msumeno unaruka usoni kwako kabla hujapepesa jicho. Breki ya mnyororo lazima ifanye kazi, na kofia, miwani na suruali maalumu si mapambo. Fundi wetu alifunga kamba juu ya mwembe kwanza, kwani shina lililooza halishiki vizuri. Kisha akakata mdomo upande wa kuangukia, akakata nyuma, akaacha ukanda katikati uwe kama bawaba, na kabari nyuma yake. Mti ulilala shambani, mbali na paa.

Na ukitaka kusafirisha magogo, pitia ofisi ya KFS uulizie kibali.

Juzi yule kijana wa kwanza alinipigia simu. Amechanga pesa, ataka mashine kubwa. Nilimwuliza, msumeno wako watoa chenga au unga? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Unga, ami."

Nilimwambia aanzie hapo.