Kinga ya Mbwa wa Kazi Huanza Angali Mtoto

Kila ifikapo tarehe 28 Septemba, Kenya, Uganda na Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo ni kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1895, miaka 10 baada ya kumchanja mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Wako wanaodhani kuwa siku hiyo ni ya madaktari na wafugaji peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Inamhusu pia askari, na hasa yule aliyekabidhiwa mbwa awe mwenzake wa lindo.

Nchini Kenya, ugonjwa huo uligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 2014, serikali ya nchi hiyo ilizindua mpango wa kuutokomeza ifikapo mwaka 2030. Nguzo ya mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, mwaka hata mwaka. Kazi hiyo haiwezi kufanywa mara moja ikaachwa, kwa sababu mbwa huzaliana upesi na kufa mapema. Kila mwaka huzaliwa kundi jipya lisilo na kinga yoyote. Kwa hiyo vita hivi hushinda au hushindwa kwa mtoto wa mbwa.

Ni dhahiri pia kuwa vita hivi havina mpaka. Mbwa avukaye Namanga au Sirari haonyeshi hati ya kusafiria. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliingia katika mbuga ya Serengeti na kuua simba wapatao theluthi moja, kisha vikafika Maasai Mara, upande wa Kenya. Baada ya hapo, kuchanja mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya mbuga kulihesabiwa kuwa sehemu ya kuwalinda simba wenyewe.

Je, askari anayepokea mtoto wa mbwa kikosini afanye nini? Jambo la kwanza ni kumfikisha kwa daktari wa mifugo bila kungoja augue. Daktari humpima uzito na joto la mwili, ambalo kwa mbwa mzima wa afya ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Husikiliza moyo na mapafu. Hutazama macho, masikio, meno, ngozi na kitovu. Hutafuta kupe na viroboto. Kwa mbwa wa jamii kubwa, kama vile wale wa Kijerumani wapendwao na polisi wa nchi nyingi, nyonga huangaliwa kwa makini kadiri anavyokua, maana kasoro ya nyonga inaweza kukatisha utumishi wake.

Hufuata dawa ya minyoo. Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa akiwa nayo tayari, au akaipata katika maziwa ya mama yake. Minyoo hiyo huweza kuwaingia hata watoto wa binadamu wanaocheza katika udongo uliochafuliwa. Kambi yenye nyumba za familia haina budi kulizingatia hilo.

Kisha huja chanjo. Ile ya distempa na parvo huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mbwa afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa atimizapo miezi 3, na hurudiwa baada ya mwaka mmoja. Wengi huuliza sababu ya kurudia. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya muda kutoka katika maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu, huizuia chanjo isifanye kazi. Ikiisha, humwacha wazi kwa maradhi. Hakuna ajuaye kwa hakika siku itakayoisha. Anayechanja mara moja na kuridhika ameweka mlinzi lango la mbele na kuliacha la nyuma wazi.

Hasara ya uzembe huo ni kubwa. Katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, mbwa wametumiwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa kwenye mizigo. Mbwa wa aina hiyo hufunzwa kwa miezi mingi pamoja na mwongozaji wake. Parvo humwua mtoto wa mbwa kwa siku chache tu, na virusi vyake hubaki katika banda kwa miezi kadhaa vikimngoja atakayefuata.

Hasara ya kichaa ni kubwa zaidi, kwa kuwa dalili zikishamtokea binadamu, kupona ni nadra mno. Askari, au mtoto wa askari, akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Askari hukagua bunduki yake kabla ya kwenda lindo, wala haoni kuwa ni kupoteza wakati. Cheti cha chanjo cha mbwa wake kinastahili ukaguzi huo huo. Tarehe iliyoandikwa humo ni amri, na kuitimiza ni sehemu ya ulinzi wa kambi, wa raia, na wa majirani walio ng'ambo ya mpaka.