Bujumbura: Taarifa za wanahisa kwa barua pepe bila gharama kubwa

Kwa kampuni ndogo yenye ofisi Kinindo, kusini mwa Bujumbura, wito wa mkutano usipomfikia mwanahisa kwa wakati, humnyima nafasi ya kupiga kura. Barua pepe ni njia nafuu, lakini ipi inafaa?

Akaunti ya bure ya Gmail huruhusu wapokeaji 500 kwa siku. Hata hivyo, anwani zisipofichwa, kila mwanahisa huziona za wenzake. Huduma maalumu kama Brevo ya Ufaransa humtumia kila mtu barua yake, na mpango wake wa bure una kikomo cha barua 300 kwa siku. Wanahisa wakizidi hapo, orodha yaweza kugawanywa kwa siku mbili, kwani malipo huhitaji fedha za kigeni, ambazo zimekuwa adimu nchini Burundi.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wathibitishe kwamba jina la kikoa, yaani lile linalofuata alama ya @, ni lao kweli. Bila uthibitisho huo, barua huweza kukataliwa au kuishia miongoni mwa barua taka. Unafuu wa kweli, basi, ni barua kufika.