Uzio wa Umeme wa Kujitengenezea: Cheche Inapokosekana

Mkazi wa Misunkumilo mwenye bustani ya mboga anaijua hasara ya usiku mmoja, mifugo iliyokatika kamba inapoingia shambani. Kwa sababu hiyo wapo wanaojitengenezea uzio wa umeme kwa betri, koili ya pikipiki na waya. Hatari kubwa huanza pale chombo hicho kinapokosa cheche, kwa kuwa mwenyewe hushawishika kuunganisha waya wa uzio moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Tunamsihi kila mtumiaji asifanye hivyo kamwe.

Kwa nini umeme wa nyumbani huua

Mashine ya uzio iliyotengenezwa kwa kufuata viwango hutoa maelfu ya volti, lakini kwa mpigo mfupi mno, kisha hupumzika kwa takriban sekunde moja. Nishati ya mpigo mmoja haipaswi kuzidi jouli 5. Anayeguswa hushtuka, misuli yake hulegea, naye huondoka.

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230 na haupumziki. Mkono ulioshika waya hukaza na kushindwa kuuachia. Mwili wenye ukinzani wa omu 1,000 hupitisha takriban miliampia 230, kiasi kinachoweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Saketi breka ya kawaida ya ampia 20 haitakata, kwa sababu kazi yake ni kulinda nyaya zisizidiwe na mzigo.

Unachoweza kukagua mwenyewe

Zima chombo na utenganishe betri kwanza. Hitilafu nyingi huwa nje ya kasha:

1. Betri imeishiwa chaji, au vichwa vyake vina kutu.
2. Nondo ya ethi ni fupi na udongo umekauka kwa kiangazi, hivyo umeme haupati njia ya kurudi. Ichimbie chini zaidi, mahali penye unyevu. Usitumie ethi ya nyumba.
3. Majani yanagusa waya na kuvujisha umeme ardhini.
4. Vihami vimepasuka, au waya umegusa nguzo mbichi.

Yote yakiwa sawa na cheche bado haipo, hitilafu imo ndani. Usifungue kasha: kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya chombo kuzimwa. Usipime cheche kwa kidole wala kwa bisibisi.

Ikiwa chombo ni cha kujitengenezea, ushauri wetu ni kukiondoa kabisa. Hata kikitengenezwa kikawaka, huenda hakina kinachodhibiti nguvu ya mpigo wala muda wake, na mtoto anayefuata mpira uani kwako hana njia ya kulijua hilo.

Kabla ya kununua au kufunga

Chagua mashine iliyokidhi viwango, na udai risiti. Kwa kazi yoyote inayogusa umeme wa nyumbani, mwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya EWURA kabla hajaanza. Weka bango la tahadhari kwenye uzio na uwaarifu majirani.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza, kisha omba msaada wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, na umfikishe hospitalini hata kama anajisikia nafuu.